Idadi ya raia waliouawa vitani: unukuu ipi, na kwa kazi gani?

Mji wa Mariupol nchini Ukraine una idadi mbili za waliokufa, na zote zimetolewa na watu wanaoijua kazi yao. Juni 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imethibitisha vifo vya raia 1,348. Februari 2024 Human Rights Watch, wakishirikiana na Truth Hounds na SITU Research, walihesabu makaburi mapya kwa kutumia picha za setilaiti, picha za kawaida na video, wakapata vifo vya ziada, yaani juu ya vile ambavyo vingetokea bila vita, visivyopungua 8,034 kati ya Machi 2022 na Februari 2023. Mji ni ule ule, vita ni vile vile, na hakuna aliyedanganya.

Mwanafunzi anayeandaa mdahalo hapa Tanga, khatibu au mhubiri anayetafuta mfano, hata mtu anayetaka tu kusema neno la maana barazani Ngamiani, akikutana na idadi za namna hii hana budi kuchagua. Nimekaa na vijana wengi wa sekondari wanaojiandaa na midahalo. Anayepinga vita fulani huchukua namba kubwa kuliko zote, anayevitetea huchukua ndogo kuliko zote, na wote wawili wakiulizwa imetoka wapi husema "mtandaoni". Hoja nzuri hufia hapo, na waliokufa wanageuzwa fimbo ya kuchapana.

Ushauri wangu wote katika ulinganisho huu unarudi kwenye jambo moja: kila njia ya kuhesabu imetengenezwa ijibu swali lake. Chagua swali kwanza, ndipo uchague idadi.

Sheria yenyewe inauliza nini

Kabla ya kulinganisha njia za kuhesabu, tuliondoe kosa linaloharibu midahalo kuliko mengine yote. Watu hudhani sheria za vita zina kiwango: wakifa raia kadhaa ni bahati mbaya, wakizidi hapo ni jinai. Kiwango hicho hakipo. Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya 1977 kwenye Mikataba ya Geneva, ambayo Tanzania imejiunga nayo tangu 1983, inamtaka kamanda atofautishe kati ya raia na mpiganaji. Akiwa na shaka kama mtu ni raia, amhesabu kuwa raia. Pia inakataza shambulio ambalo madhara yanayotarajiwa kwa raia yanazidi mno faida ya kijeshi inayotarajiwa.

Tazama neno "yanayotarajiwa". Sheria inamuuliza kamanda alijua nini na alichukua tahadhari gani kabla ya kombora kurushwa. Hesabu ya maiti huja baadaye. Kwa hiyo kumlenga raia mmoja kwa makusudi ni uhalifu wa kivita hata kama ni mmoja tu, na shambulio lililoua watu ishirini linaweza lisiwe uhalifu. Jambo hili ni gumu kumeza, nami sipendi kulisema mbele ya mtu aliyefiwa, lakini ndivyo sheria ilivyo. Idadi kubwa ni sababu nzito ya kudai uchunguzi. Hukumu inahitaji mengine zaidi.

Kuna upande mwingine usiotajwa sana. Sheria hizo hizo zinawalazimisha wapiganao kuwatafuta wafu, kuandika taarifa zao na kuweka alama makaburini. Kifungu cha 32 cha Itifaki hiyo kinataja wazi haki ya familia kujua yaliyowapata ndugu zao. Kuhesabu kwenyewe, basi, ni sehemu ya sheria. Serikali ikisema "hatuna idadi", swali la kisheria limeshaanza.

Njia ya kwanza: jina kwa jina

Hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa nchini Ukraine hufuata kifo kimoja kimoja: nani, wapi, lini, kwa silaha gani, na nani ameshuhudia. Kifo kisipofika kiwango chao cha ushahidi hakiingizwi. Kwa utaratibu huo, kufikia Februari 2025, miaka mitatu tangu uvamizi wa Urusi wa 2022, walikuwa wamethibitisha raia wasiopungua 12,654 waliouawa. Wao wenyewe husema kila mara kwamba idadi halisi huenda ni kubwa zaidi. Anayeinukuu bila kutanguliza "wasiopungua" amegeuza sakafu kuwa dari.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haitikisiki. Mfano bora ni Bosnia. Kwa miaka mingi watu walitaja wafu 200,000 na zaidi katika vita vya 1992 hadi 1995. Kituo cha utafiti na kumbukumbu mjini Sarajevo kikakusanya majina, na mwaka 2007 kikatangaza watu 97,207, wapiganaji na raia pamoja. Wapo walioumia, wakaona kama maafa yao yamepunguzwa. Kilichopatikana lakini ni kikubwa: idadi yenye majina humnyima mkanushaji pa kushika. Mtu anaweza kubishana na laki mbili za kukadiria siku nzima. Akiwekewa orodha ya majina, na tarehe na mahali pa kifo, atabishana na kaburi lipi?

Orodha ya Wizara ya Afya ya Gaza nayo ni ya namna hii, na ndiyo inayozua ubishi mkubwa kuliko zote hapa mwambao. Kila mstari una jina, umri, jinsia na namba ya kitambulisho. Ile iliyotolewa Septemba 2024 ilikuwa na majina 34,344 katika kurasa 649. Kurasa za mwanzo ni za watoto wachanga 710 wasiofikisha mwaka mmoja, na kwenye safu ya umri pameandikwa sifuri, mstari hadi mstari. Nimewaonyesha vijana kurasa hizo badala ya kuwahutubia. Namba ya kitambulisho ina kazi yake pia, kwa sababu sajili ya watu wa Gaza inajulikana, na kwa hiyo orodha inaweza kukaguliwa na mtu wa nje.

Upungufu wake usifichwe. Orodha hiyo haisemi nani alikuwa mpiganaji na nani raia, na aliye chini ya kifusi bila taarifa kufika hayumo. Kwa hiyo ukisema "raia 34,344" umeongeza neno ambalo orodha haina. Ukitaka kuzungumzia raia, nenda kwenye uchambuzi wa Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa wa Novemba 2024. Walithibitisha wenyewe vifo 8,119 vya kipindi cha miezi sita, wakakuta karibu asilimia 70 ni wanawake na watoto. Idadi ni ndogo zaidi, ila inakusogeza karibu zaidi na neno "raia".

Udhaifu mkubwa wa kuhesabu jina kwa jina ni kwamba inahitaji mtu wa kuandika. Penye hospitali, simu na mwandishi, wafu huonekana. Penye kijiji kilichochomwa na barabara iliyofungwa, hawaonekani.

Sisi wa Tanga tunalo hili nyumbani. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, dhidi ya Wajerumani na askari wao wapatao 1,000. Agosti kulikuwa na maafikiano ya kutoishambulia Tanga na Dar es Salaam. Tarehe 2 Novemba nahodha wa meli ya HMS Fox akaingia bandarini kutangaza kwamba maafikiano hayo yamekwisha. Waingereza walishindwa, na vitabu vinatoa hasara yao bila kusitasita: 360 waliokufa, 487 waliojeruhiwa. Wenye nyumba zilizokuwa katikati ya risasi hawana safu yao katika hesabu hiyo. Kisha vita vikaenea nchi nzima, na wapagazi walioutumikia upande wa Uingereza wakafa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Hao wakaachwa kuwa jumla isiyo na majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ukimsikia mtu anasema "kisichoandikwa hakikutokea", mjibu kwa historia ya mji huu.

Njia ya pili: kuuliza kaya

Pasipo na daftari, watafiti huchagua kaya kwa bahati nasibu, hubisha hodi na kuuliza nani amefariki, lini na kwa nini. Kutoka hapo hukadiria nchi nzima. Njia hii humwona aliyekufa bila mwandishi. Humwona pia aliyekufa kwa kukosa dawa, kwa sababu hulinganisha vifo vya wakati wa vita na vya kabla yake. Tofauti hiyo ndiyo huitwa vifo vya ziada.

Hatari yake imeonekana Iraq. Mwaka 2006 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa kaya 1,849, ukakadiria vifo vya ziada 654,965 tangu uvamizi wa 2003. Mapema 2008 utafiti wa kaya 9,345, uliofanywa na serikali ya Iraq pamoja na Shirika la Afya Duniani, ulikadiria vifo 151,000 vilivyotokana na ukatili katika kipindi karibu kile kile. Sehemu ya tofauti inaelezeka, kwa kuwa wa kwanza ulijumuisha vifo vya kila namna. Lakini hata ukitazama vifo vya ukatili peke yake, ule wa kwanza ulikuwa na laki sita na zaidi, kwa hiyo pengo halifungiki. Mipaka ya makadirio ya kwanza ilikuwa kuanzia 392,979 hadi 942,636, na ya pili kuanzia 104,000 hadi 223,000. Ningelazimika kuchagua ningechukua wa pili, kwa sababu ya wingi wa kaya, na nisingetaja 151,000 bila mipaka yake miwili.

Kongo ni jirani yetu, na wakimbizi wake wako Nyarugusu, Kigoma, kwa hiyo idadi yake tunaisikia mara nyingi: milioni 5.4. Hayo ni makadirio ya shirika la International Rescue Committee kwa vifo vya ziada kuanzia 1998 hadi 2007. Sehemu ndogo sana ya watu hao waliuawa kwa risasi au panga. Waliobaki waliondoka kwa malaria, kuhara, vichomi na utapiamlo, huku zahanati zimefungwa na watu wamekimbilia porini. Wakosoaji, hasa watafiti wa Human Security Report, walisema kiwango cha vifo vya kabla ya vita kilichotumika kilikuwa cha chini mno kwa Kongo, na kwa hiyo ziada ikaonekana kubwa kupita kiasi. Hoja yao ina nguvu. Ukitaka kuitumia milioni 5.4, sema "walikadiriwa kufa", usiseme "waliuawa". Neno hilo moja ndilo mpinzani wako atalidaka.

Hata hivyo usizitupe idadi za namna hii ati kwa sababu ni makadirio. Sheria za vita zinakataza kuwatumia raia njaa kama silaha, na zinadai misaada ipite. Anayezungumzia kufungwa kwa njia za chakula akitumia orodha ya waliopigwa risasi ameacha nje watu ambao sheria hiyo iliandikwa kwa ajili yao.

Njia ya tatu: kuoanisha orodha

Njia hii inaeleweka upesi kwa mtu wa pwani, kwa sababu hutumika pia kuhesabu samaki. Unavua samaki mia, unawatia alama, unawaachia. Ukirudi kuvua, ukikuta wenye alama ni wengi wavuni, ujue bwawa halina samaki wengi. Ukikuta wachache, waliomo ni wengi mno kuliko uliowaona. Kwa wafu, alama ni jina kuonekana kwenye orodha zaidi ya moja. Orodha za hospitali, za familia na za matangazo ya tanzia mtandaoni zikifanana sana, waliokosekana ni wachache. Zikipishana, wengi hawajaandikwa popote.

Kwa njia hii The Lancet la Januari 2025 lilikadiria vifo 64,260 vya majeraha Gaza kufikia tarehe 30 Juni 2024, wakati Wizara ilikuwa na 37,877. Orodha iliyolaumiwa kwa kutia chumvi ilionekana kuwa pungufu kwa asilimia 41 hivi. Na Khartoum, watafiti wa chuo cha tiba cha London walikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya watu 61,000 walifariki katika jimbo hilo kuanzia Aprili 2023 hadi Juni 2024, zaidi ya 26,000 kati yao kwa majeraha ya kukusudiwa. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vyote hivyo havikuandikwa mahali popote. Kwa Sudan, ambako vyombo vya habari vya dunia havikai, hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa sasa.

Sharti lake ni kwamba orodha zisiwe zimenakiliana. Zikiwa zimenakiliana, hesabu yote inaharibika.

Njia ya nne: jeshi lenyewe

Hapa nitapita haraka. Baada ya vita vya Raqqa, Syria, vya Juni hadi Oktoba 2017, muungano ulioongozwa na Marekani ulikubali kuua raia 159. Amnesty International na Airwars, waliokwenda mitaani na kuoanisha ushahidi, walipata zaidi ya 1,600. Agosti 29, 2021 droni ya Marekani ilipiga gari mjini Kabul. Jeshi likasema limempiga gaidi, na tarehe 17 Septemba likakiri kwamba waliokufa ni raia 10, saba kati yao watoto. Lilikiri baada ya waandishi wa habari kulichunguza tukio hilo kwa video na mashahidi.

Idadi ya jeshi ina kazi moja nzuri, nayo ni kukiri. Ukiwa unabishana na mtu anayelitetea jeshi hilo, anza na walichokubali wenyewe, kwa sababu hapo hana pa kukimbilia. Usiitumie kueleza ukubwa wa maafa.

Sasa uchague

Kijana mmoja wa kidato cha sita aliniuliza, "Mwalimu, sasa niseme ngapi?" Nikamuuliza, "Unataka kuthibitisha nini?" Akasema anataka kuthibitisha kwamba sheria imevunjwa. Kwa hilo hahitaji jumla ya nchi. Anahitaji tukio moja lililochunguzwa jina kwa jina: jengo lipi, saa ngapi, silaha gani, kulikuwa na onyo au hakukuwa, na mpiganaji gani alidaiwa kuwamo. Tukio moja lililothibitishwa ndilo mwendesha mashtaka huliweka mbele ya mahakama, na ndilo huishinda hoja ya "vita ni vita".

Anayeomba dua au kuandaa kumbukumbu atumie majina. Anayeandika habari za njaa, maradhi au wakimbizi achukue uchunguzi wa kaya, na mipaka yake yote miwili. Anayetaka kueleza ukubwa wa vita mahali ambako hospitali zimekufa achukue uoanishaji wa orodha. Akiwa na nafasi ya idadi mbili, aweke iliyothibitishwa mbele na iliyokadiriwa nyuma yake, kila moja na mwaka wake, kwa kuwa namba ya vita isiyo na tarehe haimsaidii msikilizaji.

Iko idadi moja ambayo ningependa midahalo yetu iachane nayo: ile ya "asilimia 90 ya wanaokufa vitani siku hizi ni raia". Inasomwa kama aya, na kila vita hutwishwa hiyo hiyo. Waliofuatilia asili yake walikuta, pamoja na mengine, hesabu iliyowachanganya waliokufa na waliokimbia makwao. Bosnia, raia walikuwa karibu asilimia 40 ya wafu. Vita hutofautiana, na raia 40 katika kila mia wanatosha kumnyima mtu usingizi.

Kama una dakika mbili tu za kusimama mbele ya watu, sentensi hii kuhusu Sudan inatosha, na unaweza kuibadilisha kwa vita vingine: "Watafiti walioanisha orodha za wafu wanakadiria kwamba zaidi ya watu 26,000 waliuawa katika jimbo la Khartoum peke yake, kuanzia Aprili 2023 hadi Juni 2024, na vifo vingi havikuandikwa popote." Mpinzani akiuliza wangapi walikuwa raia, mwambie makadirio hayo hayakuwatenganisha. Kisha umuulize yeye ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuandika majina, kwa kifungu kipi, na kwa nini hakuandika.